Zwelibanzi na Samaki Bomba wa Mto Kariega

Duniani wapo wawili tu waliowahi kumwona samaki bomba wa mto Kariega kwa macho yao: Mungu aliyemuumba, na Zwelibanzi aliyekuwa pembeni akimshauri.

Maneno hayo si yangu! Ni ya Zwelibanzi mwenyewe, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu wa ukoo wa Gatyeni, mume wa MaMpinga, na bingwa wa kupiga fiksi kuanzia Port Alfred mpaka kule ambako lami inakata tamaa.

Hakuwa mtu mbaya. Moyo wake ulikuwa mkubwa, ila mdomo uliuzidi moyo, na tumbo likavizidi vyote viwili. Mto aliujua kwa kuutazama. Kila asubuhi alibeba kiti chake cha plastiki, akakiweka ukingoni, akatupa ndoana, akalala. Akirudi mikono mitupu, alisema amewahurumia. Akirudi na mmoja, alisema wengine amewaacha waomboleze.

Mambo yalianza Jumamosi moja kwa jirani yetu Jola, aliyekuwa ametualika kwa kuwa nyumba yake imepata bati jipya. Wanawake tulikaa upande wetu, wanaume upande wao, ndoo ya pombe ya mtama ikizunguka. Akaja mjumbe wetu wa kata, akakohoa, akasema watu wa chuo kikuu wanakuja mtoni. Wanamtafuta samaki bomba. Haonekani siku hizi, na wapo wanaosema amekwisha kabisa. Mwenye habari zake ajitokeze.

Zwelibanzi akasimama kabla mjumbe hajafunga mdomo.

"Samaki bomba? Huyo mbona namjua!"

"Unamjua wewe?" akauliza Jola.

"Kama shemeji yangu!"

"Haya, ana ukubwa gani?"

Sasa jamani, Zwelibanzi aliposikia "bomba" alifikiria bomba analolijua yeye, lile la maji taka linalopita nyuma ya zahanati. Akapanua mikono. Ikawa haitoshi. Akamshika mtu aliyeketi jirani yake, akamwambia asogee mpaka mlangoni ashike mkia.

"Hapo! Simama hapo hapo! Mwaka ule wa mafuriko nilimvua mmoja. Alimeza chambo, akameza ndoana, akawa anakuja kumeza kiti! Tulimla ukoo mzima. Mifupa yake tukajengea banda la kuku."

"Gatyeni," akasema Jola, akimwita kwa ukoo wake, "huyo si samaki. Hiyo ni mali ya manispaa!"

Watu wakacheka mpaka ndoo ikayumba. Lakini Zwelibanzi alikuwa ameshasema mbele ya mjumbe, na mjumbe naye alikuwa ameshakwenda na jina lake.

Jumatatu akaja Dokta Yoliswa. Binti mwembamba, miwani mikubwa, mzaliwa wa jimbo letu hili hili la Mashariki, anayesalimia watu wazima kwa kupiga goti kidogo. Alitukusanya kwenye ukumbi wa kanisa, akabandika picha ukutani. Ndani ya picha kulikuwa na kiganja cha mtu, na juu ya kiganja kulikuwa na kitu kama ujiti uliopata macho.

"Huyu ndiye," akasema. "Urefu wake hauzidi kiganja, wembamba wake ni wa mrija wa soda. Anaishi kwenye nyasi za mtoni, na ukimwangalia utadhani naye ni nyasi. Nimemtafuta tangu nikiwa mwanafunzi. Sijawahi kumwona akiwa hai."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Zwelibanzi.

Mtu mwenye haya angejifanya anafunga kamba za viatu. Zwelibanzi? Thubutu! Alijongea mbele taratibu, akainama, akaitazama picha kwa majonzi makubwa.

"Masikini," akasema. "Amekonda."

"Gatyeni!" akapaza sauti Jola. "Juzi si alikuwa anaanzia hapa mpaka mlangoni?"

"Ukame, Jola. Hata wewe ulikuwa na mashavu!"

Dokta Yoliswa akacheka. Kisha akaacha kucheka, akamtazama vizuri. "Baba, tuache utani. Umewahi kumwona kweli?"

Hapo ndipo alipopewa mlango wa kutokea, tena umefunguliwa wazi. Angesema tu, "Hapana mwanangu, ilikuwa ni pombe." Tungecheka, tungekwenda zetu.

"Binti yangu," akasema Zwelibanzi, "namwona kama ninavyokuona wewe. Akinisikia nakohoa, anatoka nyumbani kuja kunisalimia."

Basi akafanywa kiongozi wa msafara. Wala msimlaumu Dokta. Mtu aliyetafuta kitu ujana wake wote, akiambiwa kiko nyuma ya mlango ule, ataufungua.

Upande mwingine wa habari hii ni sisi wanawake. Mafuriko yalikuwa yamezoa nyasi za mtoni, na bila nyasi samaki bomba hana kwake. Kwa hiyo Dokta alituajiri tuzipande upya, miche kwa miche, maji yanapokupwa, maana bahari huingia mpaka mtoni kwetu. MaMpinga alikuwa mmoja wetu. Tangu shamba la mananasi lilipofungwa hakuwa ameshika kazi yoyote, na mwanamke yule kupanda nyasi alikupenda! Alikuwa akiimba huku matope yamemfika magotini. Alikuwa akirudi nyumbani amechoka na uso umenawiri kama bibi harusi.

Lakini Dokta hakutuficha. Kuna wenzake waliokuwa wakitafuta kwenye mto wa jirani, na hawezi kuhudumia mito miwili. Ikifika Ijumaa samaki hajaonekana kwetu, kila kitu kinahamia kule. Hema, mashua, nyasi, na kazi zetu.

Jioni ya Jumatatu ile ile nilimsikia MaMpinga kupitia ukuta, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. Ukuta wetu mwembamba, si umbea.

"Baba Lindo, hebu niambie ukweli. Huyo samaki unajua aliko?"

"Mke wangu, unaniuliza mimi swali hilo?"

"Nakuuliza wewe. Wa kuulizwa ni nani tena humu ndani, paka?"

"Mimi na mto ule ni kitu kimoja!"

"Sawa. Sasa nisikilize. Ukinipotezea kazi hii, kande utapikiwa na huo mto."

Msafara ukaanza. Mashua iliendeshwa na Hannes, kaburu mrefu asiyependa maneno, aliyekuwa akiitunza suruali yake ya mpira kuliko gari lake. Suruali yenyewe ni ile inayoungana na viatu na kupanda mpaka kifuani, ikashikwa mabegani na kanda mbili. Zwelibanzi alipoiona tu, akasema bila ile kazi haifanyiki. Hannes alikuwa mrefu na bapa kama ubao, Zwelibanzi mfupi na duara kama sufuria. Suruali ikakubali kwa shida upana, na kwa urefu ikakunjamana miguuni kama kinanda cha kukunja.

Akasimama mbele ya mashua, mkono juu ya macho, tumbo likitangulia kuona.

"Kushoto! ... Simamisha! ... Zima injini!" Akachovya kasia mtoni, akaweka sikio kwenye mpini, akafumba macho.

"Unasikia nini, Baba?" akanong'ona Dokta.

"Wanapiga mluzi."

"Samaki hawa hawana mluzi, Baba."

"Hawajakuzoea."

Wakatupa wavu. Ukatoa kandambili. Wakahamia kwingine, kwa amri yake. Ukatoa kaa mmoja mwenye hasira aliyemshika Hannes kidole. Kwa amri yake tena wakaenda mpaka kule juu mto unakoanza kunuka ng'ombe, mahali ambapo nyasi za mtoni hazijawahi kuota tangu dunia iumbwe. Ukatoa unyasi mmoja wa nchi kavu, na Zwelibanzi akaurukia.

"Huyu hapa! Nilisema mimi!"

"Baba, hii ni nyasi."

"Alikuwa samaki. Mmechelewa."

Jumanne hivyo, Jumatano hivyo, Alhamisi hivyo hivyo. Sisi tulikuwa matopeni tunapanda, tunaiona mashua inapita kwenda juu, tunaiona inapita kurudi chini, na kila ikipita Dokta alikuwa ameinamisha kichwa zaidi. MaMpinga aliacha kuimba. Alhamisi jioni ukuta haukuleta sauti yoyote, na hiyo ilinitisha kuliko ugomvi.

Nadhani ilimtisha na Zwelibanzi pia. Maana asubuhi ya Ijumaa, mtu huyu ambaye huamka jua likishamgongea mlango, alikuwa ameshafika dukani. Akanunua soda. Soda hakuinywa. Alichukua mrija, mrija wa kijani, ule wenye shingo ya kukunjika, akarudi nao nyumbani kimya kimya. Akauwekea macho mawili kwa wanja wa mkewe. Akachora na mdomo. Na kwa kuwa hajui kuacha jambo linapotosha, akauchorea na nyusi.

Maji yalikuwa yamekupwa kabisa tulipowaona wanakuja. Zwelibanzi alikataa kwenda juu. "Leo nashuka mwenyewe," akatangaza. "Wavu unawatia woga. Huyu anataka mtu anayemheshimu." Akavaa suruali ya Hannes, akashuka, akaingia kwenye bustani yetu ya nyasi, hatua chache kutoka tulipokuwa.

Alikwenda vizuri mwanzoni. Tatizo la matope ya Kariega ni kwamba yanakuacha uringe kwanza. Akafika katikati ya nyasi, akatugeuzia mgongo, akauingiza mkono kifuani mwa suruali kama mtu anayetafuta kitambulisho. Akainama, akachovya mkono majini, kisha akauinua juu kwa mbwembwe za mchungaji anayebatiza.

"Nimempata! Dokta! Nimempata!"

Jamani! Dokta Yoliswa alirukia majini na viatu vyake. Miwani ikaanguka, akairudisha usoni juu chini. Hannes, ambaye hatukuwahi kumsikia akisema neno, alipiga yowe. Sisi tukaacha miche. MaMpinga alishika kifua kwa mikono miwili, na nikaona machozi yanamlengalenga.

Dokta akafika, akihema. Akapokea. Akatazama.

Akaigeuza shingo ya samaki. Ikalia: *krrrk*.

Akaigeuza tena. *Krrrk*.

"Baba Gatyeni," akasema polepole. "Huyu samaki ana nyusi."

"Ni mzee," akasema Zwelibanzi.

Hakuna aliyecheka. Dokta akauweka ule mrija mfukoni, akageuka, akaanza kurudi kwenye mashua. Mabega yake yalikuwa yameshuka. Ningekuwa mimi, ningeomba matope yanimeze.

Naye aliomba, nadhani, kwa sababu yalianza.

Alijaribu kumfuata Dokta, mguu ukakataa. Akajaribu wa pili, ukakataa zaidi. Kila alipovuta alizama. Na maji yalikuwa yameshageuka, yanajaa, na Kariega ukianza kujaa haukupi nafasi ya kuaga. Yakamfika mapajani. Yakamfika kiunoni.

"Ee, jamani?" akaita, kwa sauti ambayo haikuwa ya bingwa. "MaMpinga?"

MaMpinga alikuwa amekunja mikono.

"Wewe na mto si kitu kimoja?"

"MaMpinga, maji yanaingia!"

Na kweli, yalikuwa yamefika kifuani, yakapanda ukingo wa suruali, yakaanza kumiminika ndani kama mtu anajaza pipa. Nyasi zikaingia. Povu likaingia. Suruali ikavimba. Zwelibanzi akawa duara kuliko Mungu alivyokusudia.

"Ni baridi! Mama yangu! Kuna kitu kinatembea humu!"

Hapo MaMpinga akaacha mzaha. Ni mume wake, jamani, hata kama ni hivyo. Akapiga kelele Hannes alete kamba, akaingia majini wa kwanza, akampitisha kitanzi chini ya makwapa, sisi sote tukashika upande wa pili. Jola naye, aliyekuwa amekuja ukingoni kutafuta habari za kusimulia, akatupa kofia akashika. Mtu aliyepiga kamba maisha yake yote, siku ile kamba ikampata!

"Vuta! Vuta tena!"

Hakusogea.

"Fungua kanda za mabegani!" akaagiza MaMpinga.

"Hapana! Kanda zisifunguliwe!"

"Baba Lindo, unataka kufa na suruali ya watu?"

MaMpinga akazifungua mwenyewe. Tukavuta mara moja ya nguvu, tukasikia mlio ambao siwezi kuuandika kwenye maandishi ya heshima, na Zwelibanzi akatoka kwenye suruali kama ndizi inavyotoka kwenye ganda, akateleza juu ya matope mpaka miguuni pa mkewe.

Ndipo tukajua kwa nini hakutaka kanda zifunguliwe. Ya ndani ilikuwa ya rangi ya waridi. Ilikuwa na lesi. MaMpinga aliitazama mara mbili.

"Kumbe ndiyo maana sikuiona kwenye kamba ya nguo!"

"Zangu zote zilikuwa zimelowa," akasema Zwelibanzi, akijifunika kwa unyasi.

Sasa ndiyo tukacheka! Jola alikaa chini matopeni. Hannes yeye hakucheka, alikuwa anaililia suruali yake. Akaingia majini mpaka mabegani, akachimba kwa mikono, akaing'oa, akaiburuta mpaka ukingoni imejaa maji kama ng'ombe aliyekufa. Ili apate kuibeba, akaishika miguu akaimwaga kwenye beseni letu la miche.

Yakatoka matope. Zikatoka nyasi. Wakatoka na kamba, wale wa kuliwa, wanarukaruka. Dokta Yoliswa alikuwa anafunga mizigo yake mashuani, hata kuangalia haangalii.

"Dokta," akaita MaMpinga. Alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Dokta, njoo. Unyasi huu umenitazama."

Dokta akaja kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kutazamishwa nyasi za kutosha. Akapiga magoti. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa sawasawa.

Ndani ya beseni, kati ya nyasi zetu, unyasi mmoja ulikuwa umesimama peke yake, wima. Una pua ndefu. Una jicho dogo la dhahabu. Jicho likazunguka, likamtazama Dokta, likamaliza, likazunguka kwingine.

Dokta akainama mpaka pua ikakaribia maji. Akamshika MaMpinga mkono. Machozi yakawa yanadondoka ndani ya beseni, tone, tone, na samaki hakujali.

"Ni yeye," akasema hatimaye. "Ni yeye, Mama. Na tazama tumbo. Ana mimba! Huyu dume ana mimba!"

"Subiri," akasema Jola. "Dume?"

"Ndiyo, Baba. Jike humwachia mayai, dume hubeba kwenye mfuko mpaka watoto watoke."

Wanaume walioletwa ukingoni na kelele zetu, kila mmoja akavuta tumbo lake ndani. Sisi tulipiga vigelegele mpaka ndege wakahama ng'ambo.

Akapigwa picha, akarudishwa palepale kwenye nyasi tulizozipanda kwa mikono yetu. Hema halikuhama. Kazi haikuhama. Na Zwelibanzi, amejifunga blanketi la mkewe, meno yanagongana kwa baridi, alikuwa ameshasimama juu ya jiwe.

"Nilisema! Nilisema au sikusema?"

"Umenidanganya wiki nzima, Baba Gatyeni," akasema Dokta, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Lakini nimekuletea!"

"Hukumleta, Baba. Alikuja mwenyewe, akakukuta wewe."

Unadhani alisikia? Wiki iliyofuata hatukulala! "Wengine wanatumia wavu," alikuwa akisema kila kona, "mimi natumia mwili." Alipopata habari kwamba Dokta Yoliswa atahojiwa redioni, aliita mtaa mzima uje nyumbani kwake kusikiliza. Alivaa koti. Redio akaiweka juu ya meza yenye kitambaa, kiti chake mbele, sisi nyuma. MaMpinga alikaa mlangoni anachagua maharage.

Dokta alizungumza vizuri. Akawashukuru wanawake wa nyasi, kila mmoja kwa jina, nami nikatajwa. Kisha mtangazaji akauliza, na Zwelibanzi akaongeza sauti mpaka redio ikatetemeka:

"Dokta, inasemekana nyavu zilishindwa, mashua zilishindwa, miaka yote hiyo. Kwa nini basi samaki huyu adimu akaingia, kati ya mahali pote, ndani ya suruali ya Baba Gatyeni?"

Zwelibanzi akageuka kututazama, kidevu juu.

"Ni tabia yake," ikajibu sauti ya Dokta. "Ni samaki mwoga sana. Anakimbilia mahali palipotulia kabisa, ambapo hakuna purukushani, na ambapo kwa muda mrefu hakujatokea jambo lolote."

Pole pole, mtaa wote ukageuka kumwangalia MaMpinga.

MaMpinga akatupa punje mbovu nje, hata kichwa hakuinua.

"Yule binti," akasema, "kweli kasoma."